Nani Aliwarudisha Ndege wa Ndolwani?

Hapo zamani, zamani za watu waliogawana maji kwa kutazama kivuli, palikuwa na kijiji kikiitwa Ndolwani. Kilikuwa chini ya milima, upande ule ambao mvua hupita juu bila kusimama. Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana kesi ninayowaletea ina watu wanne na kila mmoja ana maneno.

Ndolwani iliishi kwa bwawa. Mababu walilichimba juu ya kijiji, pale kijito kinaposhuka kutoka mlimani, wakajenga ukuta wa udongo na mawe, wakaweka mlango wa ubao wa mninga. Ubao ukiinuliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashamba ya mpunga. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Mwenye zamu ya kwanza hupata maji yakiwa mengi na yana nguvu. Hupanda mapema, huvuna mapema, hulala bila wasiwasi. Mwenye zamu ya mwisho hupata matone na ugomvi.

Sasa bwawa lenyewe, kusema kweli, halikuwa zuri kulitazama. Upande mmoja maji yalikuwa ya kina, yanamfika mtu mzima shingoni. Upande wa pili yalikuwa ya kifundo cha mguu, na baada ya hapo tope tu, tope jeusi lenye harufu. Pembeni yameota matete, yamesongamana. Ndani ya hayo yote walikaa ndege. Bata maji waliogelea penye kina. Kwarara wenye midomo iliyopinda walitembea kwenye maji mafupi wakichokoa. Chekeamwezi, vile vindege vidogo vyenye miguu kama njiti, vilikimbia juu ya tope. Na yangeyange weupe walijenga viota kwenye matete, wakigombania vijiti kutwa nzima. Kwa kelele, bwawa lile lilishinda soko.

Kila asubuhi yangeyange na kwarara walishuka mashambani, wakaokota viwavi na panzi kati ya mashina ya mpunga. Jioni wakarudi bwawani. Hakuna aliyewatuma, na hakuna aliyewashukuru.

Basi mwaka mmoja jua likakaza. Kijito kikawa uzi. Watu wa zamu ya mwisho hawakuvuna hata pishi moja. Akasimama Mzee Kiondo, mkubwa wa baraza la maji. Huyu Kiondo alikuwa mchapakazi, sauti yake kubwa, moyo wake mwema, na hakuna alichokipenda kama unadhifu. Watu walisema hata kuku wake hutembea kwa mstari.

Akasema, "Ndugu zangu, bwawa letu ni chafu. Nusu ni tope, robo ni matete, maji yenyewe ni robo. Tutafanya msaragambo, kazi ya pamoja ya kila nyumba. Tutachimba tope lote, tutang'oa matete yote, tutainua ukuta kwa kimo cha mkono mzima. Mvua ikija, tutakuwa na maji mara mbili!"

Watu wakapiga vigelegele. Na kweli ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili, msimcheke.

Kila nyumba ikapimiwa kipande chake, hatua ishirini. Watu wakachimba. Watu wakang'oa. Watu wakabeba udongo kwa vikapu, wakaimba, wakatoka malengelenge. Siku kumi na mbili bwawa likawa limenyooka kingo zote, safi kama sinia.

Isipokuwa pembe moja.

Pembe hiyo alipimiwa mtu aitwaye Kalage. Kalage alikuwa mtu wa watu, mcheshi, hana adui. Kosa lake lilikuwa moja tu: kazi ikimwona inakimbia, na yeye akiiona kazi analala. Siku ya kwanza alisema mgongo unamuuma. Siku ya pili alisema jembe limelegea mpini. Siku ya tatu hakusema kitu, maana alikuwa amelala ndani ya matete yenyewe aliyotakiwa kuyang'oa, na wenzake walijua yupo kwa kusikia mkoromo. Mzee Kiondo akamtoza faini ya mtungi wa pombe ya miwa. Kalage akaulipa bila kinyongo, akakaa pamoja na wazee waliomtoza, akanywa karibu nusu yake. Matete yake yakabaki pale pale, hatua ishirini.

Mvua ikaja. Bwawa likajaa, likajaa likafika ukingoni. Maji yakang'aa kutoka huku hadi kule. Watu wakaenda kulitazama kama watu wanavyokwenda kumtazama bibi harusi.

Ndege nao wakaja kutazama.

Chekeamwezi akatafuta tope. Tope hakuna. Akaruka, akaenda zake.

Kwarara akatafuta maji mafupi ya kusimama. Maji mafupi hakuna; akitia mguu anazama. Akaruka, akaenda zake.

Bata maji akateremka katikati, akazamisha kichwa kutafuta majani laini na mbegu. Chini ni udongo mtupu. Akazunguka mara mbili, akaruka, akaenda zake.

Yangeyange akatafuta matete. Aliyaona yale ya Kalage, akakaa humo siku tatu. Lakini ndege hajengi nyumba mahali pasipo na chakula cha watoto karibu. Naye akaruka, akaenda zake.

Bwawa likawa kimya. Mwanzoni watu walisema, "Afadhali, tutalala."

Msimu ule mpunga ulisimama vizuri, wa kijani. Ulipofika magotini, viwavi vikaja. Kila mwaka vilikuwa vikija, ila vilikuwa vikija vikiliwa. Mwaka huu vilikuja vikakuta meza imetandikwa na mwenyeji hayupo. Watu waliviokota kwa mikono, wakajaza vyungu, wakachoma moto. Kesho yake vimekuja vingine. Ukisimama kimya shambani ulisikia vikitafuna. Wenye zamu ya kwanza walivuna theluthi. Wengine walivuna mabua. Na msimu wa pili vivyo hivyo. Akina mama wakaanza kupika chakula kimoja kwa siku, na wageni wakawa hawaulizwi tena kama wamekula.

Hapo ndipo watu walipotazama juu wakaona anga haina ndege.

Mzee Kiondo akaita baraza. Uso wake ulikuwa umepungua. Akasema, "Ndugu zangu, atakayewarudisha ndege bwawani, nitampa zamu ya kwanza ya maji. Yeye, na watoto wake, na watoto wa watoto wake."

Lo! Kijiji kikachangamka. Mmoja akamwaga mtama ukingoni. Ukaliwa na mbuzi. Mwingine akachonga bata wa mti, akawapaka masizi, akawaelekeza majini. Wakaelea vichwa chini. Mwingine akanunua bata mzima sokoni, akamfunga kamba mguuni, akaifunga kamba kwenye kigingi bwawani, ili awaite wenzake. Bata akaita siku mbili kwa sauti ya huzuni, siku ya tatu akakata kamba, akaenda zake kwa miguu.

Sasa mtieni masikioni mtu wa kwanza. Jina lake Nakiete. Alikuwa bibi mjane, mfinyanzi wa vyungu. Miaka arobaini alichota udongo wake kando ya bwawa, na kila asubuhi kabla ya kuchota alisoma nyayo kwenye tope kama nyie mnavyosoma barua. Alijua nani amepita, amekula nini, yuko na watoto wangapi.

Nakiete akasimama barazani. "Mzee Kiondo, shida si ndege. Shida ni bwawa. Mmelifanya chungu. Chungu ni kizuri kwa maji, lakini ndege hakai chunguni. Kwarara anataka maji ya kifundoni. Chekeamwezi anataka tope. Bata anataka majani yaote chini, na majani hayaoti penye kina kirefu. Shusheni maji kwa kimo cha mkono mmoja, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Upande wa mashariki ardhi ni ya mteremko, tope litaonekana lenyewe."

Watu wakacheka. Mtu wa zamu ya mwisho akapaza sauti, "Bibi, tumetoka malengelenge kuyapandisha maji, wewe unataka tuyamwage?"

Nakiete akaketi. Baraza la pili akasimama tena, akasema vile vile. Wakacheka kidogo. Baraza la tatu akasimama tena, akasema vile vile. Safari hii hawakucheka, walimwambia akae.

Akatoka barazani, akaenda moja kwa moja kwa mtu wa pili. Huyu ni Mrindoko, mgawa maji. Ndiye aliyeinua ubao na kuushusha, kama baba yake, kama babu yake. Ubao ule mtu mwingine hakuugusa. Na sheria ilikuwa hivi: mgawa maji akimwaga maji bila amri ya baraza, anavuliwa kazi, na shamba lake halipati maji msimu mzima.

Akamkuta Mrindoko ameketi juu ya ukuta, anatazama maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaona nini humo?"

"Naona maji."

"Na mimi naona maji. Ndiyo shida yenyewe. Mrindoko, umekua ukinikuta hapa na kikapu changu. Nimewahi kukudanganya?"

Mrindoko akafikiri. "Uliwahi kuniambia chungu hakivuji, kikavuja."

"Ulikiweka jikoni kabla ya siku zake! Sikiliza. Kimo cha mkono mmoja. Ukishusha hicho tu, wa kwanza ataonekana kabla mwezi haujaandama."

"Wasipokuja?"

"Wasipokuja, mimi nitakuwa mwongo. Wewe utakuwa na njaa. Sikufichi."

Mrindoko alikaa siku nne bila kuzungumza na mtu. Mkewe akamwuliza ana nini, akasema jino. Siku ya tano ilikuwa siku ya soko. Jua la saa sita likiwa limesimama wima, watu wote wakiwa sokoni, Mrindoko akavua shati, akaushika ubao kwa mikono miwili, akauinua. Maji yakatoka kwa kishindo. Hakuyapeleka mferejini, yangeharibu miche. Aliyaelekeza korongoni, yakapotea. Akapima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi kidole. Yalipofika akafunga. Kisha akakaa pale pale juu ya ukuta, hakukimbia, akawangoja warudi.

Walirudi. Nawaachia wenyewe mfikirie yaliyosemwa. Mzee Kiondo alilia, na hakuwa mtu wa kulia. Mrindoko hakumtaja Nakiete hata kwa jina. Alisema tu, "Nimemwaga mimi." Wakamvua kazi siku hiyo hiyo. Shamba lake likakatwa mferejini. Watu wa zamu ya mwisho, ambao sasa zamu yao ilikuwa imekwenda korongoni, walipita mbele ya nyumba yake bila salamu.

Lakini maji yaliyokwisha kumwagwa hayazoleki. Upande wa mashariki tope likajitokeza, jeusi, lenye harufu ile ile. Siku ya tisa Nakiete alikwenda kuchota udongo, akainama, akabaki ameinama muda mrefu. Kwenye tope palikuwa na alama ndogo za vidole vitatu. Chekeamwezi.

Baada ya chekeamwezi wakaja kwarara. Baada ya kwarara, majani yalipoanza kuota penye maji mafupi, wakaja bata. Baada yao wakaja yangeyange. Kijiji kizima kikatoka kutazama. Mzee Kiondo akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa, "Kumbe."

Lakini subirini. Ndege walikula mchana, jioni wakaondoka. Walikwenda kulala mbali, kwenye mto wa upande wa pili wa mlima. Asubuhi walichelewa kufika, na wakifika walikula pale bwawani, mashambani hawashuki. Ndege anayepita njia si mwenyeji. Viwavi vikaendelea kutafuna. Bwawa lilikuwa na chakula sasa, lakini halikuwa na nyumba.

Isipokuwa pembe moja.

Na hapa anaingia mtu wa tatu. Jina lake Nasemba, mke wa Kalage. Nasemba alikuwa msusi wa mikeka, mikono yake haikujua kupumzika. Watu walisema Mungu aliwaoza ili jumla yao iwe watu wawili. Matete yote ya bwawa yalipong'olewa, yalibaki yale ya pembe ya mumewe tu, na mikeka ya Nasemba ndiyo iliyowalisha wao na watoto wao watano miaka yote miwili ya viwavi. Alikuwa anayakata kidogo kidogo. Nusu ilikuwa imekwisha.

Asubuhi moja akaingia na mundu, maji ya magotini. Akashika kishada cha matete, akainua mundu. Yangeyange akamrukia usoni. Nasemba akarudi nyuma, akaanguka, akalowa mpaka kilemba. Alipoinuka akaona: kiota, na ndani yake mayai manne ya rangi ya samawati iliyofifia. Kando yake kiota kingine. Na kingine kinaanzwa, ndege wawili wanavutana kijiti.

Akasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kalage akamwuliza, "Mama Kajiru, matete yako wapi?"

"Yana wenyewe."

"Wenyewe nani? Si yangu? Nilitozwa faini kwa ajili yake!"

"Baba Kajiru, leo na kesho na mpaka vifaranga waruke, sikati tete hata moja. Na wewe usiende huko."

"Kwenda huko kufanya nini?" akasema Kalage, na hilo lilikuwa kweli.

Misimu miwili Nasemba hakusuka mkeka hata mmoja. Alipanda milimani kuokota kuni, akabeba mizigo kichwani mpaka sokoni, akabadilisha kwa muhogo. Shingo ikamvimba. Watoto walikula mlenda mpaka wakausahau utamu wa kitoweo kingine. Akazungushia pembe ile uzio wa miiba kwa mikono yake, ng'ombe wasiingie, watoto wa kijiji wasiokote mayai. Na matete, kwa kuwa hayakatwi, yakaanza kutembea; yakatoka pembeni, yakafuata ukingo, yakajaza hatua arobaini, kisha sitini. Viota vikawa vitatu, vikawa thelathini, vikawa havihesabiki.

Basi ndege wenye watoto hawana muda wa kusafiri. Asubuhi na mapema walishuka mashambani, yangeyange weupe mbele, kwarara nyuma, wakaokota viwavi wakapeleka kwa watoto, wakarudi tena, wakaokota tena. Msimu ule Ndolwani ilivuna mpaka vihenge vikapasuka. Watu waliazima vihenge kwa kijiji jirani. Mzee Kiondo alipita akikuta mpunga umemwagika njiani kwa fujo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuagiza ufagiwe.

Kikapikwa. Kikaliwa. Pombe ya miwa ikatoka mtungi baada ya mtungi. Ngoma ikapigwa siku mbili. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa ukutani kando ya bwawa, na ndege wakipiga kelele kiasi kwamba ilibidi kusemezana kwa kupaza sauti, Mzee Kiondo akasimama kutimiza ahadi.

"Zamu ya kwanza ni moja," akasema. "Aliyewarudisha ndege ajitokeze."

Akasimama Nakiete. Akasimama Mrindoko. Akasimama Nasemba. Na huko nyuma, polepole, akijikung'uta majani mgongoni, akasimama Kalage.

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nakiete akaanza. "Mimi ndiye niliyejua. Ninyi mlikuwa mnafunga bata kamba. Nilisimama mara tatu, nikachekwa mara tatu. Mrindoko angeushika ubao kwa nini, kama si neno langu? Mkono usiojua ni mkono tu."

Mtu mmoja wa zamu ya mwisho akauliza, "Bibi, ulijua tangu lini?"

Nakiete hakuficha. Alikuwa mtu mkweli. "Tangu mwaka wa kwanza. Nyayo zilipokoma, nilijua."

"Na ukanyamaza mpaka mwaka wa pili?"

"Lile tope mlilochimba mlilirundika mlangoni pangu. Udongo mzuri, bure, wa mwaka mzima. Nilifinyanga vyungu mpaka vikakosa pa kuwekwa. Nilijiambia, acha kwanza udongo uishe." Akatazama chini. "Nasema kweli, kwa sababu mmeuliza."

Mrindoko akasema. "Mimi siwezi kusoma nyayo. Lakini maneno ya bibi aliyasikia kila mtu barazani, na hakuna aliyeinuka. Wote mlikuwa na masikio. Mimi ndiye niliyetoa mikono. Nimepoteza kazi ya baba yangu na babu yangu. Shamba langu limekauka, mke wangu amekopa unga kwa watu wasiotusalimu. Bila tope lile, ndege wangerudi kula nini?"

Mtu yule yule wa zamu ya mwisho akadakia, "Na maji uliyomwaga yalikuwa ya nani? Yalikuwa yangu! Ulikuwa shujaa kwa zamu yangu. Umenilaza njaa bila kuniuliza."

Mrindoko akamgeukia yule mtu. Alisema tu, "Ni kweli. Nisamehe." Na yule mtu akashindwa kuendelea kukasirika, akakaa.

Nasemba akasema. "Mimi si msemaji. Ndege walikuwa wakija kula na kuondoka, mliona. Walikaa nilipoweka mundu chini. Bibi alitoa neno, siku tatu za baraza. Mrindoko alitoa siku moja ya ujasiri, na adhabu ya msimu mmoja. Mimi nimetoa misimu miwili, kila siku, na hakuna aliyenilazimisha. Shingo yangu hii itazameni."

Nakiete akasema kwa upole, "Mwanangu, lakini wewe ulikuwa umekwisha kukata nusu. Yangeyange asingekurukia usoni, si ungekata yote?"

"Ningekata," akasema Nasemba. "Nilikuwa na watoto watano."

Ndipo Kalage akakohoa.

"Wazee wangu, mama zangu. Mimi sikujua, sikuthubutu, sikuteseka. Nakubali. Lakini hebu niwaulize. Mke wangu aliacha kukata matete yapi? Yangu. Yangetoka wapi kama ningefanya kazi kama ninyi? Nyote mlifanya kazi vizuri, na kazi yenu nzuri iliwafukuza ndege! Katika kijiji kizima, mtu mmoja tu hakumfukuza ndege hata mmoja, na mlimtoza mtungi wa pombe. Bibi akijua, kama matete hayapo, angejua bure. Mrindoko akimwaga, kama matete hayapo, angemwaga bure. Mke wangu angeweka mundu chini mbele ya nini? Mbele ya maji matupu. Niambieni hatua zipi ishirini zilizookoa Ndolwani. Ni zile ambazo nililala juu yake."

Hakuna aliyecheka sasa. Watu walitazamana. Nasemba akamtazama mumewe kama mtu aliyekuta kuku wake ametaga yai la dhahabu, hajui amkumbatie au amfukuze.

"Lakini hukukusudia!" akasema Mrindoko.

"Na mvua inakusudia?" akajibu Kalage. "Mbona mnaishukuru?"

Mtu mmoja akasema, "Basi wapewe Kalage na mkewe, nyumba moja, yaishe."

Nasemba akaruka. "Hapana! Ikiwa ni kwa ajili ya kazi yangu, iandikwe kwa jina langu. Ikiwa ni kwa ajili ya usingizi wake, siitaki. Nitaamkaje asubuhi kumwambia aende shamba?"

Mtu mwingine akasema wagawane, kila mmoja msimu wake. Mzee Kiondo akatikisa kichwa. "Niliahidi zamu ya kwanza kwa mtu na watoto wake na watoto wa watoto wake. Ahadi si muwa, haikatwi vipande." Akamtazama Nakiete, akamtazama Mrindoko, akamtazama Nasemba, akamtazama Kalage. Akaushika ubao wa mninga. Maji yalikuwa yanausukuma kwa nyuma, miche ilikuwa inangoja chini, na juu ya vichwa vyao yangeyange walikuwa wanavuka kwenda mashambani, hawamsubiri mtu.

"Mimi ndiye niliyelikosea bwawa hili," akasema Mzee Kiondo. "Sithubutu kukosea mara ya pili. Semeni ninyi."

Nami hapo ndipo ninapowakabidhi ubao. Bibi alijua, ila alichelewa kusema. Mgawa maji alithubutu, ila kwa maji ya mwenzake. Msusi aliteseka, ila nusu alikuwa amekwisha kuikata. Na Kalage alilala, ila bila usingizi wake pasingekuwa na pa kurudi.

Maji yanasukuma. Kuna mtu mmoja tu wa kuyapokea. Je, ni nani?